Asilimia na Swali Lililoizaa
Mhadhara juu ya kupima kisomo na elimu ya watu wa kata



Zimebaki siku chache kabla vijana mliowateua hawajaanza kuzunguka mitaa ya kata yenu nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, kutafuta ni wangapi miongoni mwa jirani zenu wajuao kusoma na kuandika, na kila mmoja wao amefika wapi katika elimu. Kazi hiyo ni ya heri, na aliyeibuni anastahili kushukuriwa. Walakini ni kazi ambayo, kwa vile yaonekana nyepesi, aghalabu hufanywa kwa wepesi, na tunda lake likawa ni asilimia moja ibandikwayo ukutani mwa ofisi, ambayo kila aingiaye huisoma, na hakuna aijuaye ilitoka wapi. Hoja nitakayoishikilia tangu mwanzo hadi mwisho ni hii: kila asilimia ya wasomi ni jawabu la swali fulani, lililoulizwa kwa namna fulani, mlangoni pa mtu fulani, na maadamu swali halijulikani, jawabu nalo halina maana, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Mfano wa kuithibitisha hoja hii hauko mbali, maana umo katika tarehe ya nchi yetu wenyewe. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa, akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada yake wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwa miongoni mwao, zikatwikwa jukumu la kutangulia katika kuufuta ujinga wa kutojua kusoma. Na chama cha TANU kikaazimia kwamba kabla ya kwisha mwaka 1975 nchi nzima iwe imekwisha kufika huko. Watu zaidi ya milioni 5 waliandikishwa katika madarasa ya kisomo, wengine wakisomea katika shule za watoto baada ya watoto kwenda zao, wengine chini ya miembe, na wengi wa walimu wao hawakuwa walimu kwa kazi, bali ni watu waliomaliza shule ya msingi wakajitolea kumfundisha jirani. Mtihani wa kitaifa wa Agosti 1975 ukaonyesha kwamba wasiojua wameshuka hadi asilimia 39. Wa 1977 ukasema 27. Wa 1981 ukasema 21. Wa 1983 ukasema 15. Na ule wa 1986 ukasema asilimia 9.6 tu.

Kisha miaka 26 ikapita, ikaja sensa ya 2012, na kwa watu wa miaka 15 na zaidi ikaonekana kwamba wasiojua kusoma na kuandika ni takriban 22 katika kila 100, yaani zaidi ya maradufu ya wale wa 1986. Msikilizaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba imekuwaje nchi iliyokwisha kukaribia ukingo ikarudi tena katikati ya maji. Jawabu lina sehemu tatu, na kila moja ina funzo kwa hesabu mnayokusudia kuifanya.

Ya kwanza ni kwamba waliohesabiwa si wale wale. Wazee wa madarasa ya kisomo wengi wao walikwisha kutangulia mbele ya haki, na mahali pao pakashikwa na vijana waliokuwa watoto katika miaka ya dhiki, pale elimu ya msingi kwa wote iliyoenezwa kufikia mwaka 1977 ilipoanza kulegea, vitabu vikawa haba, ada ikarudi, na watoto wengi wakabaki nje ya shule, mpaka ada hiyo ilipofutwa mwaka 2001. Ya pili ni kwamba kisomo kisichopata cha kusoma hupotea. Aliyejifunza herufi akiwa na miaka 45, kisha gazeti lisifike kijijini kwake, wala maktaba ya kijiji isipate kitabu kipya, wala asiwe na wa kumwandikia barua, baada ya miaka kumi huwa amebakiwa na jina lake tu, nalo huliandika kwa taabu. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoitaka zaidi, ni kwamba mwaka 1986 watu waliwekewa karatasi mbele yao, nao walikuwa ni watu walioandikishwa darasani wakajiandaa kwa mtihani. Ilhali mwaka 2012 swali liliulizwa kwa mdomo, na aghalabu aliyelijibu ni mkuu wa kaya, akijisemea nafsi yake na kuwasemea mkewe, mama mkwe, watoto na mgeni aliyelala chumba cha uani. Jambo lililopimwa kwa karatasi na jambo lililopimwa kwa kauli ya mtu mwingine si jambo moja, na anayezipanga hesabu hizo katika mstari mmoja, akautazama mstari ukipanda na kushuka, hujipa maarifa asiyokuwa nayo.

Sasa na tuutazame kwa karibu mtihani ule wa kisomo, kwa kuwa waliouandaa walikuwa na insafu ambayo wengi waliokuja baada yao wameiacha. Hawakuuliza tu kama mtu anajua au hajui, bali walizipanga hatua nne. Wa hatua ya kwanza ni yule aliyejiandikisha akahudhuria walau theluthi mbili za masomo ya mwaka. Wa hatua ya pili hutambua maneno, husoma na kuandika sentensi fupi, na huweza kujumlisha na kutoa tarakimu moja moja. Wa hatua ya tatu husoma habari fupi bila kukwamakwama akaielewa, huandika ujumbe mfupi, na hufanya hesabu za tarakimu tatu. Na wa hatua ya nne husoma gazeti na vitabu vya maarifa ya kazi, huandika na kupokea barua, na huweza kuweka daftari la mapato na matumizi yake mwenyewe. Ngazi hii ilitokana na fikira iliyokwisha kufanyiwa majaribio tangu mwaka 1968 katika mikoa ya kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, kwa auni ya UNESCO, ambako vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji na malezi ya nyumba, kusudi mtu anapojifunza kusoma ajifunze pia kazi yake. Mwenye kutazama ngazi hii huona mara moja kwamba mtu wa hatua ya pili anaweza kuhesabiwa msomi au asihesabiwe, kwa hiari ya mwenye kuhesabu, na kwamba kwa kuusogeza mstari ngazi moja tu juu au chini, mji mzima huwa umeelimika au umekuwa mjinga kabla jua halijatua.

Ndugu zetu wa Kenya walilionyesha hilo bayana mwaka 2006, walipofanya uchunguzi wa taifa wa kisomo cha watu wazima kwa kuwapa watu karatasi wasome. Ilidhihirika kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima walifikia kiwango cha chini cha kisomo. Lakini waliofikia kiwango kinachotakikana, cha mtu awezaye kukitumia kisomo chake katika mambo ya kila siku, walikuwa asilimia 29.6. Hesabu mbili hizo zilitoka katika nyumba zile zile na siku zile zile, na zote mbili ni kweli. Mwanasiasa aliyetaka kusifu angeichukua ya kwanza, na aliyetaka kulaumu angeichukua ya pili. Bali mwenye kutaka kuwatumikia watu huchukua zote mbili, akauliza ni akina nani hawa waliomo katikati, ambao ni karibu theluthi moja ya watu wazima, wajuao kusoma bila kisomo chao kuwafaa kwa lolote.

Naja sasa kwenye jambo litakalowakabili ninyi zaidi kuliko watu wa bara, kwa kuwa mnaishi mwambao. Dodoso la sensa huuliza kama mtu anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza, au kwa zote mbili, au kwa lugha nyingine, au hajui kabisa. Swali linauliza lugha, wala haliulizi herufi. Chukueni mfano wa bibi wa makamo, aliyekhitimu msahafu chuoni akiwa msichana, hakupelekwa skuli kwa sababu enzi zile mabinti hawakupelekwa, na leo ndiye mweka hazina wa upatu wa mtaa. Daftari lake liko kabatini: majina ya akina mama yamepangwa upande wa kulia, mbele ya kila jina fedha alizotoa na tarehe aliyotoa, yote kwa Kiswahili fasaha, na yote kwa herufi za Kiarabu. Hajadhulumu wala hajadhulumiwa, na ugomvi wa fedha ukitokea, daftari lake ndilo hakimu. Muhesabu akifika mlangoni, mwanawe wa kiume akaulizwa kama mama anajua kusoma, atajibu pasi na kusita kwamba mama hakusoma. Naye muhesabu ataweka alama panapostahili, na bibi huyo ataingia katika takwimu za taifa akiwa mjinga.

Wala huyo si kiroja cha peke yake, bali ni mrithi wa desturi ndefu. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa hati za Kiarabu zimehifadhiwa mpaka leo huko Goa. Mwana Kupona binti Mshamu, katikati ya karne ya 19, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, na mama hamtungii mwanawe waraka asioweza kuusoma. Carl Büttner, Mjerumani, alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa barua na maandishi ya Waswahili kwa hati hizo, za biashara, za madeni na za salamu. Na mwaka huo huo ikafunguliwa Tanga skuli iliyowafundisha vijana herufi za Kirumi kwa ajili ya kazi za serikali. Tangu hapo ofisi ikawa na herufi zake na nyumba ikawa na zake, mpaka kamati ya lugha ya mwaka 1930 ilipokuja kusanifisha maendelezo ya Kiswahili, nayo ikafanya hivyo kwa herufi za Kirumi peke yake. Mtu wa mwambao aliyekuwa akiandikiana na jamaa zake wa Lamu na Ngazija akaamka siku moja akakuta kwamba, bila kusahau hata herufi moja, amehesabiwa katika wasiojua.

Lakini insafu hudai tuseme na upande wa pili. Wako wengi waliokhitimu msahafu ambao huisoma kila juzuu kwa matamko sahihi na tajwidi njema, ilhali maana ya Kiarabu hawaijui, wala hawajapata kuandika kwa mkono wao neno la Kiswahili kwa herufi hizo. Hao nao wana elimu, tena elimu yenye heshima yake; ila si ile ya bibi wa upatu, na kuwaweka wote safu moja ni kuwadhulumu wote. Dawa yake ni nyepesi: katika daftari lenu wekeni safu mbili, moja ya herufi za Kirumi na moja ya herufi za Kiarabu, na katika kila safu mpeni mtu sentensi ya Kiswahili ambayo hajapata kuiona. Msimpe sura anayoijua kwa moyo, kwa maana mwenye kuhifadhi hutazama ukurasa na midomo ikasoma, macho yakiwa hayana kazi. Kwa sababu hiyo hiyo msimpe kijana kifungu cha kitabu cha darasani.

Baada ya kisomo huja suala la darasa mtu alilofikia, nalo watu hulipenda kwa sababu halihitaji mtihani: huuliza tu ulisoma mpaka darasa la ngapi, ukaandika. Ni swali la haki, na jawabu lake lafaa kwa mambo mengi. Bali kulitumia kupimia uwezo wa kusoma ni kama kupima nguo kwa pishi. Mzee aliyemaliza darasa la nne katika miaka ya 1950, wakati shule ya msingi ilikwisha hapo na wachache mno ndio waliopanda kwenda shule ya kati, huenda mpaka leo ndiye asomaye barua za ukoo mzima. Na upande wa pili, wapimaji wa mpango uitwao Uwezo walipoanza kuzunguka nyumba za Tanzania mwaka 2010, wakiwapa watoto silabi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, waligundua kwamba karibu mmoja katika kila watano wa wale waliokuwa wakimaliza darasa la saba hakuweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Miaka saba ya benchi ilikuwamo katika daftari la skuli. Kisomo hakikuwamo kichwani. Basi andikeni darasa, na mpime kusoma, na msiruhusu moja lisimame mahali pa mwenzake.

Tena kumbukeni kwamba aliyeelimika huhama. Mtaa uliowasomesha watoto wake vyema, wakaajiriwa Dar es Salaam au Unguja, utaonekana katika hesabu yenu kuwa nyuma ya mtaa ambao watoto wake hawakwenda popote. Ulizeni basi, kwa kila nyumba, ni watoto wangapi waliozaliwa humo na wamefika wapi, hata kama hawalali humo tena. Hapo ndipo mtajua kazi ya skuli zenu.

Niruhusuni sasa niseme machache juu ya mlangoni penyewe, maana hapo ndipo kweli hupatikana au kupotea. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake wengi wa pwani huwa mwambani wakitafuta pweza au kwenye mashamba ya mwani; na siku za giza wavuvi wa dagaa hukesha baharini kwa taa, na mchana huwa usingizini; wengine wako dago kwa majuma. Atakayezunguka asubuhi moja tu akaandika aliowakuta, atakuwa amehesabu wazee, wagonjwa na wenye maduka. Nyumba iliyofungwa iandikwe kuwa imefungwa, kisha irudiwe kwa saa nyingine na kwa siku nyingine za mwezi.

Muhesabu asifuatane na mjumbe wala mwenyekiti hadi ndani, kwa kuwa mtu mzima kushindwa kusoma mbele ya mkubwa wake ni aibu, na mwenye haya hukimbilia udhuru. Udhuru mashuhuri ni ule wa miwani, kwamba imesahauliwa shamba. Nao mara nyingine ni sitara tu, na mara nyingine ni kweli tupu, maana macho ya mtu aliyepita miaka 40 huanza kukataa herufi ndogo hata akiwa mwanachuoni. Kwa hivyo kila muhesabu achukue mkobani miwani ya kusomea ya nguvu mbili au tatu, na karatasi yenye herufi kubwa. Asiyeona asije akaandikwa asiyejua. Na kila mtu apimwe mwenyewe, faraghani, kwa ridhaa yake, wala mume asimjibie mke.

Pia kipimo kiguse maisha. Mwonyesheni mtu bahasha ya dawa iliyoandikwa moja mara tatu, mkamwuliza atameza vidonge vingapi kutwa. Mwonyesheni ujumbe wa simu wa kupokea fedha, mkamwuliza zimeingia ngapi na salio ni kiasi gani. Mama asiyeweza kuusoma ujumbe huo humkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri, na hasara inayoweza kumfika hapo hakuna sensa iliyowahi kuiuliza. Huko ndiko kwenye faida au hasara ya kisomo kwa mtu wa leo, kama zamani ilivyokuwa kwenye hati ya shamba iliyotiwa dole gumba na mtu asiyejua kilichoandikwa juu yake.

Mkimaliza, msikimbilie asilimia. Mtaa wenye nyumba 40 hauna watu wa kutosha kubeba desimali. Semeni tu kwamba katika wanawake kadhaa wa umri fulani, kadhaa husoma aya, kadhaa husoma maneno, na kadhaa hawajaanza. Tengeni wanaume na wanawake, tengeni vijana na wazee, tengeni herufi na herufi. Kisha majibu yasomwe kwa sauti mkutanoni, bila majina, mbele ya wale wale waliopimwa, ili wao waseme kinachotakiwa: kama ni darasa la jioni, liwe saa ngapi, kama ni magazeti, yawekwe wapi, kama ni watoto wa darasa la tatu wasiojua silabi, nani atakwenda kuzungumza na mwalimu mkuu.

Na mwisho, mabibi na mabwana, karatasi yenu ya maswali msiitupe. Ifungeni pamoja na majibu katika faili moja la kata, pamoja na sentensi mlizowasomesha watu, siku mlizozunguka na nyumba mlizozikuta zimefungwa. Kwani baada ya miaka mitano watakuja wengine kuhesabu, na wasipoyakuta maswali yenu watatunga yao, hesabu itapanda au itashuka, na hapatakuwa na mtu wa kuwaambia kama ni watu waliobadilika au ni swali.